Takwimu za Kuachana na Mawasiliano ya Wanandoa Mjini Lubumbashi, 1910–2016

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya takwimu za kuvunjika kwa ndoa katika mji wa Lubumbashi, tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville hadi Sheria ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016. Hoja inayotetewa ni kwamba kila tarakimu ya kuachana, kabla ya kuwa hesabu ya ndoa zilizokufa, ni hesabu ya kauli zilizotolewa. Mke amesema mbele ya mwamuzi. Mume amemwarifu karani wa kambi. Mtu fulani amejibu swali la mdadisi aliyebisha hodi. Kuachana kusikotamkwa mbele ya mwenye kalamu hakuingii katika jedwali. Kwa hiyo anayetaka kuzichambua takwimu hizo hana budi kuuliza kwanza nani alisema, alimwambia nani, kwa lugha gani, na alitarajia kupata au kukwepa nini.

Swali hili si la wanatakwimu peke yao. Katika Kongo ya wakoloni, tarakimu hizo ziliamua nani apewe posho, nani alipe kodi, na mwanamke gani aitwe mke. Waliohesabiwa walilifahamu jambo hilo vizuri, wakapima maneno yao kulingana nalo.

2. Msamiati wa kuachana

Ni vema kuanza na lugha yenyewe. Kutokana na mzizi -acha, Kiswahili huunda kuacha, kuachwa, kuachana na kuachika. Kauli ya kutenda humtaja mwenye kuamua. Kauli ya kutendwa humtaja aliyeamuliwa. Kauli ya kutendana huwagawia wawili hao wajibu ulio sawa. Nayo kuachika hueleza hali bila kumtaja mtendaji. Mzungumzaji anayechagua mojawapo ya maumbo hayo ameshatoa hukumu yake juu ya kisa kizima.

Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki neno talaka, pamoja na sheria ya Kiislamu inayolifuata, limeyapa mazungumzo hayo umbo maalumu: mume hutamka, na matamko huhesabika. Katanga, ambako Waislamu ni wachache, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kiini cha ndoa huko ni mali, yaani kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita mahari. Ndoa imefungwa pale mali ilipopokelewa, na swali la kwanza ndoa inapovunjika ni kama mali itarudishwa, kiasi gani, na kwa nani. Mke aliyerudi kwao, naye mume wake hajaja kumfuata wala wazee hawajarudisha mali, yuko katikati. Watu wa mtaa wanaweza kusema wameachana. Ukoo unaweza kusema bado ni mke wa mtu.

Majedwali ya serikali yaliandikwa kwa Kifaransa, na yalikuwa na safu nne: asiyeoa au kuolewa, aliyeoa au kuolewa, mjane, na aliyeachana. Yule wa katikati hakuwa na safu yake. Karani alimwingiza katika mojawapo kwa kadiri alivyoelewa maneno yake, na tofauti ya kuachwa na kuachana ikapotea katika tafsiri.

3. Kambi na posho

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka Rhodesia ikafika Élisabethville mwaka 1910. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi wengi walikuja kwa mikataba mifupi, bila wake zao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake: ilitaka mfanyakazi wa kudumu, mwenye mke na watoto kambini. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa miongoni mwa waongozi wakuu wa siasa hiyo, aliieleza katika kijitabu kilichotoka mwaka 1946, akiyapima mafanikio yake kwa takwimu za miaka ishirini. Kampuni iliwakopesha hata vijana fedha za kutoa mali, ili waoe na kukaa kazini.

Tangu hapo ndoa ikawa jambo la hesabu za kampuni. Mke aliyetambuliwa alipata posho yake, na watoto wake vivyo hivyo. Mwanamke asiyetambuliwa hakupata kitu. Mkuu wa kambi, ambaye wafanyakazi walimwita changachanga, alishughulika na ugomvi wa nyumbani kama alivyoshughulika na utoro wa kazini. Katika mazingira hayo, kumwarifu karani kwamba mke ameondoka kulikuwa na gharama: posho ilipungua siku ile ile, na mfanyakazi aliyebaki peke yake alikuwa na haki ndogo ya kukaa katika nyumba ya familia. Kinyume chake, mwanamke aliyetaka kuondoka alipoteza chakula, nyumba na matibabu kwa neno moja.

Yafaa basi kuuliza takwimu za kampuni zilipima nini. Zilionyesha ndoa nyingi zenye utulivu, nazo zilitolewa kama ushahidi wa hekima ya kampuni. Lakini idadi ndogo ya ndoa zilizoandikwa kuwa zimevunjika katika mahali ambapo kuvunjika huadhibiwa haionyeshi lazima mapatano ya nyumbani. Yaweza kuonyesha tu kwamba watu walinyamaza.

4. Baraza la mji

Nje ya kambi za kampuni, mambo yalikuwa tofauti. Amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilianzisha utaratibu wa mahakama za wenyeji katika Kongo yote, na ile ya tarehe 23 Novemba 1931 iliunda vituo vya nje ya mila, yaani miji ya Waafrika isiyo chini ya chifu wa kimila. Kituo cha Élisabethville kilianza mwaka 1932. Ferdinand Grévisse, mtawala wa Kibelgiji aliyekifahamu kwa karibu, alikiandikia uchunguzi mrefu uliotoka mwaka 1951.

Mahakama ya kituo hicho ilikuwa na waamuzi Waafrika wa makabila mbalimbali, waliopaswa kuamua mashauri ya watu ambao mila zao hazikulingana. Mume aweza kuwa Muluba wa Kasai na mke Mubemba. Kwa huyu watoto ni wa baba, kwa yule ni wa ukoo wa mama. Kiswahili kikawa daraja lao. Shauri lilisemwa, likajibiwa, mashahidi wakasikilizwa, na mwishoni maneno ya saa nzima yakawa mistari michache ya Kifaransa katika daftari. Jarida la sheria za kimila lililoanza kuchapishwa Élisabethville mwaka 1933 lilitoa hukumu nyingi za namna hiyo. Msomaji wake hukuta majina ya makabila, kiasi cha mali na uamuzi. Sauti za wenye shauri hazisikiki ila kwa mbali.

Mahakama hiyo ilikuwa na faida ambayo kambi haikuwa nayo: mwanamke aliweza kuiendea mwenyewe. Kijijini shauri lake lingesemwa na mjomba au kaka. Mjini aliweza kusimama na kusema. Ikiwa basi mashauri ya ndoa yalikuwa mengi, wingi huo haukutokana na ndoa za mji kuwa dhaifu tu. Mlango mpya wa kusemea ulikuwa umefunguliwa, na watu waliutumia. Watawala wengi waliusoma wingi huo kama dalili ya kuharibika kwa maadili. Hilo lilikuwa kosa la uchambuzi: walilinganisha mji ulioandika maneno yake na kijiji ambacho hakikuyaandika.

5. Jina na kodi: kisa cha Usumbura

Madhara ya kosa la namna hiyo yalionekana wazi zaidi katika mji mwingine wa watawala hao hao, Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na kundi la walipa kodi liitwalo "wanawake waishio peke yao kinadharia". Humo waliingizwa wajane, walioachwa, wasioolewa, pamoja na wake wa pili ambao ndoa zao hazikutambuliwa baada ya amri ya mwaka 1950 kupiga marufuku ndoa mpya za wake wengi. Neno "kinadharia" lilibeba shaka: mtawala hakuamini kwamba wanaishi peke yao kweli, na kodi yao ikanuka tuhuma ya umalaya.

Katika mtaa wa Buyenzi, makao ya Waislamu wanenao Kiswahili, wanawake waliipinga kodi hiyo katika miaka ya 1950. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyekichunguza kisa hicho katika makala ya mwaka 1991, ameonyesha kwamba ugomvi ulikuwa juu ya jina kama ulivyokuwa juu ya fedha. Mjane mcha Mungu na mwanamke aliyeachwa kwa utaratibu wa dini yake walikataa kuwekwa katika safu moja na mwanamke anayeuza mwili. Kwao, kuachwa kulikuwa na maneno yake, mashahidi wake na heshima yake. Serikali ilikuwa imeyafuta yote ikabakiza alama moja katika daftari la kodi.

Kisa hiki kina uzito kwa historia ya Lubumbashi kwa sababu safu zilikuwa zile zile. Chinjo la takwimu halikati tu wingi wa watu. Hukata pia maana ya maisha yao.

6. Namna ya kukokotoa

Kati ya mwaka 1955 na 1957 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilifanya uchunguzi wa idadi ya watu kwa njia ya sampuli, ambao Anatole Romaniuk aliutumia baadaye katika utafiti wake wa uzazi uliochapishwa mwaka 1967. Kwa upande wa Élisabethville, J. Benoit alichambua hali ya wakazi Waafrika ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1957. Kazi hizo ziliuliza hali ya ndoa ya mtu siku ya kuhesabiwa. Aliyeachana mara tatu kisha akaoa tena aliandikwa kuwa ameoa. Takwimu za hali, kwa hiyo, hazisemi ni mara ngapi watu huachana.

Ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, tatizo hilo lilishughulikiwa na John Barnes wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone. Katika makala ya mwaka 1949 alipendekeza viwango vitatu. Cha kwanza hugawa ndoa zilizovunjwa kwa ndoa zote zilizowahi kufungwa. Cha pili hugawa ndoa zilizovunjwa kwa zile tu zilizokwisha, ama kwa kuachana ama kwa kifo. Cha tatu huziondoa ndoa zilizokwisha kwa kifo, kisha kikagawa zilizovunjwa kwa zinazobaki.

Chukuliwe mfano wa kubuni, kwa ajili ya kuonyesha njia tu. Kati ya ndoa 100, ndoa 30 zimevunjwa, 20 zimekwisha kwa kifo na 50 zingali hai. Matokeo ni haya:

Kiwango cha kwanza: 30 kwa 100, yaani asilimia 30.
Kiwango cha pili: 30 kwa 50, yaani asilimia 60.
Kiwango cha tatu: 30 kwa 80, yaani asilimia 37.5.

Ndoa ni zile zile, na hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo mwandishi mmoja aweza kutangaza kwamba ndoa tatu katika kumi huvunjika, na mwingine kwamba ni sita katika kumi. Msomaji asiyeambiwa ugawanyo umefanywa kwa idadi gani hajaambiwa kitu.

Juu ya hayo kuna swali la ndoa ni ipi. Wako wengi katika miji ya Kongo wanaoishi pamoja bila mali kutolewa, hali ijulikanayo kwa jina la Kilingala yaka tofanda. Wakiongezwa katika mfano ule wawili-wawili 40 wa namna hiyo, ambao 20 kati yao wametengana, kiwango cha kwanza kitakuwa 50 kwa 140, yaani karibu asilimia 36. Wakiachwa nje, watu 80 wametoweka katika historia ya kuachana, ingawa machozi yao hayakuwa kidogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa miaka 2013–2014, uliowahoji wanawake 18,827 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, uliwahesabu waishio pamoja miongoni mwa walio katika ndoa. Hilo ni jambo la busara, lakini lamzuia mtafiti kulinganisha matokeo yake moja kwa moja na madaftari ya mahakama.

7. Mazungumzo yasiyo na jedwali

Mawasiliano ya wanandoa wa Katanga yameacha athari pia mahali ambapo hakuna aliyehesabu. Mwaka 1953 padri Mfransisko Placide Tempels, aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilichotoka Élisabethville mwaka 1945, alihamia Ruwe, karibu na Kolwezi. Huko ilizaliwa Jamaa, ambayo ilienea kati ya familia za wafanyakazi wa migodi. Msingi wake ulikuwa mume na mke kufunuliana mawazo yao kwa Kiswahili, wakiongozwa na wanandoa waliowatangulia, walioitwa baba na mama. Maneno uzima, uzazi na mapendo yakawa nguzo za mafundisho hayo, kama Johannes Fabian alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1971. Wakati kampuni ilipouliza kama mke yupo au hayupo, Jamaa iliuliza kama wawili hao wanasemezana. Swali la pili halikuwa na safu, lakini ndilo lililokuwa karibu zaidi na chanzo cha kuachana.

Baadaye kikundi cha Mufwankolo kiliipeleka mivutano ya nyumbani katika redio na televisheni ya Lubumbashi, kwa michezo isiyoandikwa neno kwa neno, katika Kiswahili cha mji. Mwanaisimu Walter Schicho na Mbayabo Ndala walikifanyia kikundi hicho uchunguzi uliotoka mwaka 1981. Michezo si takwimu, lakini huhifadhi kitu ambacho daftari halikihifadhi: mpangilio wa maneno, zamu za kusema, na mahali ambapo mmoja hukatiza na mwingine hunyamaza.

8. Sheria, kimya na simu

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliamua kwamba ndoa huvunjwa na hukumu, wala si na familia peke yake. Mtaka kuachana hupeleka ombi kwa mkuu wa mahakama ya amani, kwa maandishi au kwa mdomo, akieleza sababu; naye hakimu huwasikiliza wawili hao na kujaribu kuwapatanisha. Sheria hiyo hiyo ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kushitaki katika mambo ya madai, isipokuwa pale anapomshitaki mume mwenyewe. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: shauri dhidi ya mume lilikuwa miongoni mwa nafasi chache ambazo mwanamke aliyeolewa aliweza kusema mahakamani bila kibali. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa takwa la ruhusa hiyo. Anayelinganisha idadi ya mashauri ya kabla na baada ya mwaka huo yampasa akumbuke kwamba kanuni za kusema zenyewe zilibadilika.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni kwamba sheria ya 1987 ilikipa kimya kipimo. Utengano ulioletwa na upande mmoja, ukidumu miaka mitatu, ulichukuliwa kuwa dalili ya ndoa iliyoharibika kabisa. Hapo kutowasiliana kuligeuka ushahidi wenye tarehe.

Kimya cha namna hiyo kiliongezeka wakati uchumi wa mji ulipoanguka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaondoa kazini wafanyakazi 10,655 kuanzia mwaka 2003, baada ya miaka ya mishahara kucheleweshwa. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia ya mfanyakazi wa Katanga, ameonyesha jinsi mamlaka ya baba yalivyofungamana na mshahara na posho. Mume aliyekwenda kutafuta maisha kwenye migodi ya mbali hakumwacha mkewe kwa tamko lolote. Alipunguza tu kutuma habari, kisha akaacha. Kuhusu wale waliofika mbele ya hakimu, Benjamin Rubbers na Emilie Gallez walichapisha mwaka 2012 uchunguzi juu ya sababu zilizowapeleka watu katika mahakama mbili za amani za Lubumbashi. Wao walichagua kuwauliza wenye mashauri, badala ya kuhesabu mashauri.

Simu ya mkononi, iliyoenea Kongo kuanzia miaka ya 2000, haikulifuta tatizo hili. Nchi za mbali zinatoa somo. Mwaka 2010 David McCandless wa Uingereza alionyesha hadharani mchoro alioutayarisha pamoja na Lee Byron kutokana na taarifa zipatazo 10,000 za Facebook. Mstari wake ulipanda wiki mbili kabla ya Krismasi, ukashuka siku ya sikukuu yenyewe. Watu wengi waliusoma kama kalenda ya kuachana. Kwa hakika ulikuwa kalenda ya kutangaza: walihesabiwa walioandika maneno fulani, siku walipoyaandika. Katika mwaka uo huo Ilana Gershon alichapisha kitabu kuhusu wanafunzi wa Kimarekani, akaonyesha kwamba chombo kilichotumiwa kumwarifu mwenzi, kiwe simu, barua au ana kwa ana, ni sehemu ya ujumbe. Mwenye mali Katanga angelielewa hilo upesi: ujumbe wa kuachana unaoletwa na mzee si sawa na ule unaoletwa na mtoto.

9. Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa yaonyesha madaftari manne ya mji mmoja: la kambi, la mahakama ya kituo, la mdadisi na la mahakama ya amani. Kila moja lilikuwa na sikio lake. La kwanza lilisikia kuondoka kunakopunguza posho. La pili, madai ya mali. La tatu, hali ya siku moja. La nne, sababu zinazokubalika kisheria. Kuyaunganisha katika mstari mmoja wa mchoro na kusema kuachana kumepanda au kumeshuka ni kuwachanganya wasemao na wasikilizaji wao.

Haina maana kwamba takwimu ziachwe. Yatakiwa kila jedwali la kuachana liseme limegawanya kwa idadi ipi, limeita ndoa kitu gani, lilimsikiliza nani kwa lugha gani, na aliyesema alihatarisha nini. Wanawake wa Buyenzi hawakupinga kuhesabiwa. Walipinga kuhesabiwa kwa jina lisilo lao. Mtafiti wa Kiswahili, ambaye kazi yake ni maneno, ana wajibu wa kukaa karibu na mwanatakwimu wakati safu zinapopewa majina, kwani zikishachapishwa ni vigumu kuzirudisha.